Siku Mtaa Wetu Ulipojadili Kibanda cha Mama

Nawadharau watu wanaosema "fauka ya hayo." Najua si dharau ya kistaarabu, na najua pia kwamba kwa miaka kadhaa nimelipwa mshahara kuwafundisha vijana walitumie neno hilo. Lakini kila ninapomwona mtu akiinuka mkutanoni, akanyoosha koti, akasema "fauka ya hayo" kabla hatujajua hayo yenyewe ni yapi, huwa natazama mlango uko upande gani. Wenzangu chuoni huniita mkorofi wa lugha. Wao hawakulelewa kwetu.

Kwetu ni mtaa mmoja wa Eastlands, kando ya Jogoo Road, nyumba za chumba kimoja kimoja zilizopangwa safu kwa safu, na mfereji mmoja wa maji, wenye koki, kila baada ya safu kadhaa. Nilikuwa mwanafunzi wa sekondari ya kutwa. Mwalimu wetu wa Kiswahili alikuwa mtu wa suti moja na chaki nyingi, na aliamini kwamba msikilizaji akielewa kila neno unalosema atakudharau. Siku aliyotufundisha kuandika insha za kushawishi, aliandika ubaoni maneno haya: hoja, dai, ithibati, pingamizi, hitimisho. Halafu akajaza nusu ya pili ya ubao kwa yale aliyoyaita mapambo: aidha, isitoshe, fauka ya hayo, ni dhahiri shahiri, hakuna asiyejua kwamba.

Mwenzangu mmoja aliinua mkono. "Mwalimu, dai na hoja ni tofauti?"

"Dai," mwalimu akasema, "ni hoja ambayo haijasoma."

Tukacheka, tukaiandika daftarini, na tulipofanya mtihani wengine wetu tuliirudia ile ile. Alitupa alama.

Nilikuja kuelewa baadaye, chuo kikuu, na hata huko si darasani bali nikinunua samaki. Muuzaji akikwambia samaki huyu ni wa leo, hilo ni dai. Akisema gari limemleta alfajiri, hiyo ni hoja. Jicho la samaki ndiyo ithibati, nawe huna budi kuinama ulitazame. Basi. Haya ndiyo yote ambayo ustaarabu wa binadamu umegundua kuhusu ushawishi, na mama yeyote wa mtaani kwetu aliyajua kabla ya kutoa hela mkobani. Lakini mama huyo huyo ukimketisha ukumbini Jumapili alasiri, mbele ya meza yenye kitambaa cha kufuma, alisahau kwamba samaki ana jicho.

Nieleze habari ya ukumbi. Miaka hiyo Bunge lilikuwa limeanza kuzungumza Kiswahili, na redio ilituletea maneno yake nyumbani kama mtu anayeleta mafua. Mtaa mzima uliambukizwa. Mtu akipenya foleni ya maji, wanawake walipiga kelele, "Hoja ya nidhamu!" Watoto wakigawana muwa, mmoja alisema anaunga mkono, mwingine alisema anaahirisha. Nilimsikia baba yangu, mfanyakazi wa kiwanda cha mablanketi ambaye kwa kawaida alitumia maneno machache kama mtu anayelipia kila moja, akimwambia mama kwamba suala la chumvi lirejeshwe kwa kamati.

Aliyetufikisha huko zaidi ya redio ni mwenyekiti wa kamati ya mtaa. Alikuwa amestaafu utarishi mahakamani. Kwa miaka yake yote ya kazi alibeba mafaili ya wanasheria kutoka chumba kimoja hadi kingine, na sheria ilikuwa imemshika kama upele, kwenye ngozi tu. Ndiye aliyeanzisha midahalo ya Jumapili. Baada ya ibada na chakula cha mchana watu walikusanyika ukumbini, wamevaa nguo zile zile za kanisani. Mwenyekiti alitangaza hoja. Mtu mmoja aliteuliwa kuipendekeza na mwingine kuipinga, na waliteuliwa na yeye, hata kama hawakuamini walichotakiwa kusema. Akiulizwa kwa nini, alijibu kwamba hata wakili hampendi mteja wake. Wakati ulipokwisha aligonga kengele ya baiskeli aliyoifunga mezani, na watu wakapiga kura kwa mikono.

Sasa shikeni jambo hili, maana ndilo kosa letu, na sijawahi kulikuta mahali pengine. Watu wetu hawakupigia kura jambo. Walimpigia kura msemaji. Aliyesema vizuri zaidi ndiye aliyeshinda, na ilionekana ni dhuluma, karibu ni wizi, kumnyima mtu kura kwa sababu tu hukubaliani naye ilhali amezungumza kama redio. Ndivyo mtaa wetu ulivyopitisha, kwa kura nyingi, kwamba elimu ni bora kuliko mali. Wiki chache baadaye ukapitisha kwamba mali ni bora kuliko elimu. Hakuna aliyeshtuka. Elimu haikuongezeka na mali haikupungua.

Hali ingeendelea hivyo salama kama si vijana waliosimama nje ya madirisha ya ukumbi. Hao hawakuingia, walikaa nje wakisema Sheng na kutafuna njugu. Jumapili moja mwenyekiti alipotangaza kwa sauti yake ya mahakama, "Hoja imepita, na itatekelezwa," mmoja wao alichungulia dirishani.

"Buda," akasema, "hizi hoja zenu mnapika na mboga gani? Kila wiki zinapita, na choo bado kimeziba."

Ukumbi uliangua kicheko. Hata mke wa mwenyekiti alijificha nyuma ya kitabu cha nyimbo. Mwenyekiti aligonga kengele, akagonga tena, lakini nilimwona usoni. Alikuwa amechomwa mahali ambapo hata yeye alikuwa hajui kwamba pana nyama.

Jumapili iliyofuata alisimama akiwa ameandaa jibu. Alisema kamati imetafakari na imeona kwamba midahalo ya mtaa lazima iwe na matokeo yanayoonekana kwa macho. Kwa hiyo hoja ya wiki ijayo ni kwamba kibanda kilicho karibu na mfereji kiondolewe.

Kibanda hicho kilikuwa cha mama yangu.

Niseme wazi kwamba hakuna mtu aliyekuwa amelalamika kuhusu kibanda. Kilikuwa mabati manne na meza, na juu ya meza sukuma wiki, nyanya, vitunguu, na viazi vilivyopangwa mafungu. Waliokuja kuteka maji walinunua mboga. Hakikuwa na kibali chochote isipokuwa mazoea ya majirani, na kamati ikisema ondoa, hakuna mahali ambapo mama angekwenda kulalamika; mwenyekiti ndiye aliyekuwa akipeleka habari za wapangaji kwenye ofisi ya mtaa, na hakuna aliyetaka habari zake zipelekwe vibaya.

Kabla ya kibanda, mama alikuwa kibarua. Kila siku kabla jua halijachomoza alitembea hadi Industrial Area akasimama kwenye lango la kiwanda pamoja na wanawake wengine, akingoja msimamizi atoke na kuwanyooshea kidole wale wa siku hiyo. Siku alizonyooshewa, alishinda kwenye moshi akarudi na kikohozi. Siku ambazo hakunyooshewa, alirudi bila kitu. Kibanda ndicho kilichomtoa langoni. Mdogo wangu wa mwisho alijifunza kutembea akishika mguu wa ile meza. Kibanda kikienda, mama anarudi langoni. Hilo lilijulikana nyumbani kwetu na kwa majirani wote, na halikuhitaji ubao wala chaki.

Jioni hiyo mama alimwendea mwenyekiti nyumbani kwake. Nilikwenda naye. Tulimkuta akinywa chai.

"Mwenyekiti, nimekukosea nini?"

"Mama, hakuna kosa. Karibu kiti."

"Basi kibanda kimekosea nini?"

"Hata kibanda hakijakosea. Sikiliza, mama. Tumetafuta hoja inayotekelezeka. Choo kinataka fundi, kinataka paipu, kinataka saruji. Kibanda kinataka mikono tu." Akapuliza chai. "Na usihofu. Upande wako utatetewa. Huyu kijana wako ndiye nimemteua awe mpinzani. Si anasoma?"

Mama alinigeukia, na lo, uso wake ulikuwa umechangamka. Alikuwa amekuja kuokoa mkate wake akaondoka akiwa mama wa mpinzani. Njiani alisimamisha watu wawili kuwaeleza.

Aliyeteuliwa kupendekeza hoja alikuwa karani mmoja kijana, asiye na mke, aliyeishi safu ya pili. Alifanya kazi ofisini mjini na alivaa tai hata akienda kutupa takataka. Alinunua mboga kwa mama kila jioni, na mama alimkatia sukuma kabisa, nyembamba kama nyuzi, kwa sababu hakuwa na mtu wa kumkatia. Jumatatu alikuja kama kawaida.

"Mama, umesikia nimepewa upande gani?"

"Nimesikia, mwanangu. Utafanya nini sasa?"

"Nitafanya nini? Nimeteuliwa." Akapokea mfuko wake. "Lakini usinikasirikie. Ile ni hoja tu."

"Sikasiriki. Vitunguu je?"

"Weka viwili."

Hivi ndivyo watu walivyo, na ndiyo maana siwapendi sana. Mtu huyo alikula kutoka kwenye meza ile wiki nzima huku akiandika jinsi ya kuiondoa, na hakuona mgongano wowote. Nami, msomi wa nyumba, nilikuwa ndani nikipanga mapambo yangu. Nilianza utangulizi na historia ya biashara tangu zamani za kale. Nilikuwa na "aidha" sita. Baba alinisikia nikifanya mazoezi, akasema sauti yangu ni ndogo, akatoka.

Jumapili ukumbi ulijaa hadi watu wakasimama ukutani. Mama alikaa nyuma akifuma kitambaa. Baba alikaa mbele kwa kuwa alipenda kusikia vizuri.

Karani alianza. Nakiri alikuwa na sauti. Alisema ni dhahiri shahiri kwamba matope yaliyo karibu na mfereji yanatokana na kibanda, kwani wateja husimama hapo na kukanyaga ardhi. Alisema kwa mujibu wa wataalamu wa afya, matope huzaa inzi na inzi huzaa kipindupindu. Hakuna aliyemwuliza wataalamu gani. Alisema hakuna asiyejua kwamba mtaa safi ni fahari ya wakazi. Isitoshe, akasema, mama mwenye kibanda ni mama anayeheshimika, na ni heshima hiyo hiyo inayotudai tusimwache kwenye matope. Hapo ukumbi ulinguruma kwa raha. Kumtoa mtu kwa ajili ya heshima yake! Niliona kalamu yangu imekauka.

Matope yalitokana na mfereji. Koki yake ilikuwa imelegea tangu kabla kibanda hakijajengwa. Ilidondosha maji mchana na usiku, na matope yalikuwapo mpaka upande wa pili ambako hakukuwa na meza wala mteja. Kila mtu ndani ya ukumbi ule alikuwa ameyakanyaga matope hayo asubuhi hiyo, na wengine walikuwa nayo kwenye viatu walivyokuwa wamevaa wakati huo. Mfereji ulionekana dirishani. Mtu angeweza kugeuza shingo.

Nilikuwa na jambo hilo kwenye hotuba yangu. Nilikuwa nimeliweka mwisho, kwa kuwa mwalimu alitufundisha kwamba hoja kali hutunzwa kwa hitimisho kama nyama inayofichwa chini ya ugali. Nikasimama. Nikasalimia mwenyekiti, kamati, wazee, akina mama, vijana, na wageni waalikwa ambao hawakuwapo. Nikaingia kwenye historia ya biashara. Nikapita kwa Waarabu, nikapita kwa Wareno. Nilipofika kwenye "fauka ya hayo" ya kwanza watu walipiga makofi, nami, mpumbavu wa miaka kumi na sita, nikanyamaza ili wapige vizuri. Kengele ya baiskeli ililia nikiwa najenga reli.

"Bwana mwenyekiti, nilikuwa bado sijasema kuhusu koki."

"Wakati umekwisha."

"Ni neno moja tu. Tazameni nje."

"Mpinzani aketi!"

Yule kijana wa dirishani, aliyekuwa ameegemea nje karibu na mfereji wenyewe, alicheka. "Lakini hii maji si inavuja, jameni?"

"Hoja ya nidhamu!" watu wakapiga kelele pande zote. "Anayesema yuko nje!"

Ilikuwa kweli. Alikuwa nje. Kwa mtaa wetu hilo lilikuwa pingamizi tosha.

Kura ikapigwa. Waliounga mkono kibanda kiondolewe wainue mikono. Mikono ikainuka kama mahindi. Niliona mikono ya wanawake waliochukua mboga kwa mama Alhamisi na kusema watalipa Jumamosi. Niliona mkono wa karani, ambaye angeweza angalau kuona haya. Kisha nikaona, katika safu ya mbele, mkono wa kiwanda cha mablanketi, mkono uliokosa ncha ya kidole kwa sababu ya mashine. Mkono wa baba.

"Hoja imepita," mwenyekiti akasema, na sauti yake ilitetemeka kwa furaha, "na itatekelezwa leo leo."

Nyumbani, mama alimgeukia baba.

"Wewe pia?"

"Mimi ni mtu wa haki," baba akajibu. "Kijana amezungumza, lakini yule amezungumza zaidi. Ningeinua mkono kwa mtoto wangu, watu wangesema nini?"

"Wangesema una mke."

"Usichanganye mambo. Huu ulikuwa mdahalo."

Mama aliinuka akaenda kutazama kibanda kikivunjwa, nami nikamfuata. Sijawahi kuona ubomoaji wa adabu kama ule. Wazee wa kamati walivua makoti, wakayaning'iniza kwenye ua. Karani alitoa misumari mmoja mmoja akaiweka kwenye kopo, isipotee. Mabati waliyapangusa, wakayabeba hadi mlangoni kwetu, wakayaegemeza ukutani taratibu. Walibeba hata nyanya. Mwenyekiti alimshika mama mkono kwa mikono yote miwili na kusema mtaa umepiga hatua, na kwamba kijana wake ana Kiswahili cha hali ya juu, Kiswahili sanifu. Kamati ilikuwa imeamua kumpa soda.

"Asante," mama akasema.

"Na hii habari ya kibanda, mama, usikate tamaa. Ukitaka unaweza kuleta hoja ya kukirudisha."

"Lini?"

Mwenyekiti akafikiri. Niliona akipekua kichwani mafaili aliyobeba bila kuyasoma. "Hoja iliyokwisha kuamuliwa hairudishwi mwaka huo huo," akasema. "Ndivyo sheria ilivyo. Mwakani."

Hakuna sheria kama hiyo kwenye mtaa wowote duniani. Aliibuni pale pale, akiwa ameshika kopo la misumari ya mama.

Nikanywa ile soda. Ilikuwa ya machungwa. Matope karibu na mfereji hayakukauka. Sasa yalienea vizuri zaidi, kwa kuwa mama ndiye aliyekuwa akiyamwagia mchanga asubuhi. Mama alijaribu kuuzia nyumbani kwa siku chache, mboga kwenye karai chini ya kitanda, lakini wateja wake walikuwa watu wa mfereji, wenye ndoo kichwani, na mtu mwenye ndoo kichwani hapindi kona kutafuta kitunguu. Walilalamika kwake kwamba mtaa umekuwa na shida ya mboga. Nyanya zilioza. Mdogo wetu akapelekwa kwa shangazi, mtaa wa Huruma.

Asubuhi moja ya Jumatatu mama alifunga kitambaa kichwani, akavaa viatu vya mpira, akatoka kwenda langoni Industrial Area. Alirudi jioni akikohoa. Msimamizi alikuwa amemnyooshea kidole. Aliketi kitandani, akavua viatu, akaniita.

"Asubuhi nimetembea na karani," akasema. "Anakwenda njia ile ile mpaka barabara inapogawanyika. Kijana mzuri. Njia nzima ameniongelea habari zako."

"Amesema nini?"

"Amesema ulikosea mpangilio. Ungeanza na ile ya koki." Akakohoa, akangoja kifua kitulie. "Amesema yeye mwenyewe alikuwa akiiogopa hiyo. Alijua ukiisema mwanzo, amekwisha."

"Alijua koki inavuja?"

"Si anateka maji hapo?"

Mama alianza kusugua nyayo zake kwa kidole gumba, polepole, kama mtu anayekuna muhogo.

"Nawe ukamwambia nini, Mama?"

"Nilimwambia atembee haraka," akasema. "Lango linafungwa."